Uzi: Harakati dhidi ya upasuaji wa wanyama hai Uingereza, na jinsi sheria ya 1876 ilivyowageukia walioidai

#1 Karani wa Kale

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa wanyama wa maabara unapoibuka humu, hakosi mtu wa kukumbusha kwamba Uingereza ilitangulia duniani kutunga sheria ya kuwalinda, mwaka 1876. Ni kweli. Kinachoachwa ni kwamba haikupita hata miaka sita kabla ya walioidai sheria ile kujikuta wamejengewa ukuta, wao upande huu, mbwa upande wa pili. Tuipitie hatua kwa hatua: nani alidai nini, karatasi zipi zilitakiwa, walikwama wapi na kwa nini. Wanasheria na watu wa mifugo mjazie.

Naanzia Florence. Mwaka 1863 Frances Power Cobbe, mwandishi mzaliwa wa Dublin, alikuwa Italia zilipomfikia habari za mbwa wanaopasuliwa katika maabara ya Moritz Schiff. Akaandika waraka wa maombi na kukusanya sahihi za watu wazito wa mji ule. Schiff hakutikisika, alibaki Florence hadi 1876 alipohamia Geneva. Waraka ulikuwa na majina makubwa, lakini nyuma yake hapakuwa na kifungu chochote cha sheria cha kumshika nacho.

Agosti 1874, Norwich, kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha madaktari wa Uingereza, Mfaransa Valentin Magnan aliwafunga mbwa mezani akawadunga absinthe, ile pombe kali ya mitishamba, ili kuonyesha inavyoleta kifafa. Wapo madaktari waliopinga palepale ukumbini. Chama cha RSPCA, kile cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kikafungua kesi kwa kutumia sheria ya 1849 ya ukatili kwa wanyama. Kesi inaanza kusikilizwa, Magnan keshavuka bahari kurudi kwao. Wakabaki madaktari watatu wa Norwich, na kwa kuwa haikuthibitika kwamba mikono yao ilihusika, wakaachiwa. Hata hivyo mahakimu walisema kesi ilistahili kuletwa, na washtakiwa hawakurudishiwa gharama. Hapo ndipo watu walipoona kwamba sheria ya 1849 inamfikia mchapa punda barabarani, ila mlangoni pa maabara inapwaya.

Januari 1875 Cobbe akawapelekea RSPCA waraka wenye majina mia sita hivi, akiwemo mshairi Tennyson na Kardinali Manning. Tarehe 2 Februari gazeti la Morning Post likachapa barua ya daktari George Hoggan, aliyefanya kazi miezi minne kwenye maabara ya Paris. Hakutaja jina la mwenye maabara, lakini wote walielewa ni Claude Bernard, mwanafiziolojia mashuhuri wa Ufaransa. Barua hii ndiyo iliyowasha moto. Hoggan hakupaza sauti, alieleza alichokiona: mbwa wanapandishwa kutoka chumba cha chini ya ardhi kuletwa mwangani, na badala ya kufurahia mwanga wanashikwa na hofu mara tu wanaponusa hewa ya chumba kile. Kisha wanamwendea mtu mmoja mmoja waliomo chumbani, wakisihi kwa macho, masikio na mkia.

#2 Mwana wa Pwani

Asante mkuu kwa kufungua. Swali moja: RSPCA walikuwa na fedha, wakaguzi na mawakili. Kwa nini hawakuongoza wenyewe, mpaka ikabidi Cobbe aanzishe chama chake?

#3 Karani wa Kale

Waraka waliupeleka kwenye kamati, kamati ikautafakari, basi. Kumbuka chama kile kiliishi kwa michango na ufadhili wa tabaka la juu, na wapasuaji hawakuwa wachukuzi wa mikokoteni. Walikuwa maprofesa waliokula meza moja na wafadhili hao. Ndipo mwishoni mwa 1875 Cobbe na Hoggan wakaanzisha chama kilichokuja kujulikana kwa jina la mtaa wa ofisi yake, Victoria Street.

Kabla ya hapo, Mei 1875, miswada miwili iliingia bungeni ikishindana. Mmoja wa upande wa Cobbe, uliletwa na Lord Henniker. Mwingine wa upande wa wanasayansi, ukiletwa na Lyon Playfair, na Charles Darwin alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Serikali ikaikwepa yote miwili kwa kuunda Tume ya Kifalme chini ya Lord Cardwell.

Shahidi aliyewatia hasara wanasayansi kuliko wote alikuwa wa kwao wenyewe. Emanuel Klein alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa kitabu cha mazoezi ya maabara cha 1873, kilichoeleza majaribio mengi bila kumkumbusha mwanafunzi dawa ya usingizi. Mbele ya tume alisema mateso ya mnyama hayafikirii hata kidogo, na kwamba dawa ya usingizi huitumia kwa urahisi wake mwenyewe, kwa mfano asiparuzwe na paka. Alipopelekewa kumbukumbu azipitie akajaribu kulainisha majibu yake. Tume haikukubali, ikachapa yale aliyoyatamka.

#4 Wakili wa Mtaa

Karani, niachie mimi kipande cha sheria, maana ndipo watu wengi wanapoteleza.

Muswada wa serikali uliwasilishwa na Lord Carnarvon Mei 1876, na ulivyoletwa ulikuwa mkali. Ulikataza kabisa mbwa na paka. Katikati ya safari Carnarvon akaondoka kumwuguza mama yake, shughuli zikasimama. Madaktari walizitumia vizuri hizo wiki: wakapeleka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Richard Cross, waraka wenye sahihi zipatazo 3,000. Muswada ulipotoka upande wa pili, katazo la mbwa na paka halikuwemo tena, na pembeni yake vimeongezwa vifungu vya kumlinda mpasuaji. Ukawa sheria tarehe 15 Agosti 1876.

Namna ilivyofanya kazi:

Mtu anaomba leseni kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Leseni tupu inamruhusu jambo moja: kufanya jaribio kwenye mnyama mwenye uti wa mgongo, akiwa usingizini kwa dawa tangu mwanzo hadi mwisho, na kumwua kabla hajazinduka. Mahali pa kufanyia nako panaweza kudaiwa pasajiliwe.

Akitaka zaidi ya hapo anahitaji hati ya nyongeza, na kila hati ina herufi yake. Hati A inamruhusu kufanya bila dawa ya usingizi. Hati B inamruhusu mnyama azinduke na kuishi baada ya upasuaji. Hati C ni ya kuonyesha wanafunzi darasani. Mbwa au paka bila dawa ya usingizi, pamoja na A lazima awe na E. Mbwa au paka wa kuzinduka, pamoja na B lazima awe na EE. Farasi, punda na nyumbu wana hati yao, F.

Hati inasainiwa na watu wawili: rais wa mojawapo ya vyama vya kitaaluma vilivyotajwa na sheria, kama Royal Society, na profesa wa tiba au somo la jirani yake. Nakala inapelekwa kwa waziri, na hati haianzi kutumika mpaka ipite wiki moja tangu nakala ipelekwe. Waziri anaweza kuifuta.

Adhabu: kosa la kwanza faini isiyozidi pauni 50, la pili pauni 100 au kifungo kisichozidi miezi mitatu.

Sasa tazameni kufuli. Mwenye leseni hashtakiwi mpaka Waziri wa Mambo ya Ndani, yuleyule aliyempa leseni, akubali kwa maandishi. Na shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita. Raia wa kawaida, anayeweza kumpeleka mchapa punda mahakamani kesho asubuhi, kwa profesa anaambiwa akaombe ruhusa kwanza. Ninapokisoma kifungu hiki kinaniuma, maana walioandika sheria walijua vizuri kabisa kwamba mashtaka ya ukatili wa wanyama nchini mwao yalifunguliwa na vyama na raia.

#5 Karani wa Kale

Umeeleza vizuri sana, Wakili. Mfano wa kwanza wa kufuli hilo ni kesi ya David Ferrier, daktari mchunguzi wa ubongo, 1881.

Agosti ule London ulifanyika mkutano wa kimataifa wa madaktari. Ferrier alionyesha nyani waliokatwa sehemu za ubongo, mmoja amepooza upande mmoja. Charcot, daktari wa magonjwa ya neva wa Paris, alipomwona akasema huyu ni mgonjwa kabisa! Majarida ya madaktari yakaandika kwamba Ferrier ndiye aliyewapasua. Chama cha Victoria Street kikachungulia orodha ya leseni: jina la Ferrier halina hati ya kufanya kazi ile. Wakadhani wamempata. Novemba wakamfikisha mahakama ya Bow Street.

Mahakamani ikathibitishwa kwamba kisu kilishikwa na mwenzake, Gerald Yeo, ambaye leseni na hati alikuwa nazo. Kesi ikafutwa. Chama kilikuwa kimejenga shauri lote juu ya habari za magazeti bila shahidi hata mmoja aliyekuwemo chumbani. Mwaka uliofuata madaktari wakaunda chama chao cha kuendeleza tiba kwa utafiti, na waziri akaanza kukitumia kumshauri nani apewe leseni. Ndiyo kusema waombaji walikuwa wanachunguzwa na wenzao.

#6 Mkaguzi wa Mifugo

Niongeze jambo la kitaalamu ambalo bila hilo hoja ya dawa ya usingizi haieleweki: kurare.

Kurare ni sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Inakata mawasiliano kati ya mshipa wa fahamu na msuli. Mnyama hawezi kukunja mguu, kulia wala kupumua, hivyo mpasuaji anatoboa koo, anaingiza bomba na kumpulizia hewa kwa mivukuto. Lakini ubongo uko macho na maumivu anayasikia yote. Kwa mtu aliyesimama kando, mnyama anaonekana ametulia kuliko hata yule aliyelazwa kwa klorofomu. Sheria ya 1876 ilitamka wazi kwamba kurare haihesabiwi kuwa dawa ya usingizi, na hilo ni jema. Lakini haikukataza itumike pamoja na dawa ya usingizi, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Mnyama aliyelazwa kwa klorofomu au etha unampima hivi: unagusa ukingo wa jicho kwa ncha ya kidole, akipepesa hajalala vya kutosha. Unatazama pumzi, ikivunjika mdundo wakati kisu kinaingia, dawa imepungua. Unabana kati ya vidole vya mguu, akiuvuta hajalala. Ukishampa kurare, vipimo hivyo vyote vitatu vimekufa. Yanabaki mapigo ya moyo na msukumo wa damu, na nayo yanahitaji mtu wa kuyatazama mfululizo. Klorofomu ikiisha kwenye chupa katikati ya kazi, mnyama hana njia yoyote ya kumjulisha mtu.

Kwa hiyo mtu akisema "alikuwa ametulia", mimi nauliza kwanza: alipewa nini?

#7 Binti Barawa

Kwenu wakubwa. Nitasema upande wa uenezi, maana ndiko harakati hizi zilikoshinda na ndiko zilikojikata mguu.

Mbinu kubwa ya Cobbe ilikuwa kuwanukuu wanasayansi wenyewe. Michoro ya mabango na vijitabu vyake, mbwa aliyefungwa ubaoni, sungura kwenye kibano, ilitolewa kwenye vitabu vya maabara, ukurasa ukitajwa. Adui hawezi kusema umezusha. Mbinu hiyo ina sharti moja: unukuu sentensi nzima.

Mwaka 1892 kikatoka kitabu The Nine Circles chini ya jina la Cobbe. Kazi ya kukusanya dondoo aliifanya msaidizi. Kwenye majaribio kadhaa ya Waingereza, maelezo ya asili yalitaja dawa ya usingizi, kitabu hakikutaja. Oktoba ileile, kwenye kongamano la Kanisa la Uingereza huko Folkestone, daktari Victor Horsley akasimama na orodha ya dondoo hizo moja baada ya nyingine, akamwita Cobbe mwongo. Kitabu kikaondolewa sokoni, kikarudi kimesahihishwa, na madhara yalikwisha kutokea. Miaka mingi baadaye, ukitaja ukatili wowote wa kweli unajibiwa Folkestone.

Kinachonisikitisha ni kwamba kosa hili liliweza kuzuilika kwa kazi ya siku chache: mtu wa pili akae na makala za asili, aweke kidole kwenye kila dondoo, asome aya iliyotangulia na iliyofuata. Dawa ya usingizi kwa kawaida hutajwa mara moja tu, mwanzoni mwa maelezo, halafu yanafuata majaribio kumi yanayoitegemea sentensi hiyo. Ukinakili jaribio la saba peke yake, umeiacha nyuma.

Mgawanyiko ukafuata. Chama cha Victoria Street kilikuwa kinadai marufuku kamili tangu 1878. Mwaka 1898, katibu wake Stephen Coleridge akakishawishi kikubali kudai hatua ndogondogo kuelekea marufuku. Cobbe, miaka 75, akatoka, akaanzisha chama kipya cha kudai marufuku kamili, BUAV, mjini Bristol.

#8 Karani wa Kale

Binti Barawa umenirahisishia, maana Coleridge ndiye mshtakiwa wa kesi kubwa kuliko zote. Hii nitaieleza kwa kirefu.

Wasweden wawili, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walijiandikisha chuo cha tiba cha wanawake London. Usajili huo uliwafungulia milango ya mihadhara ya vyuo vingine. Walikuwa wapinzani wa upasuaji tangu mwanzo, na walichokitaka ni kile walichokikosa chama cha Victoria Street mwaka 1881: shahidi aliyekuwemo chumbani. Kila baada ya mhadhara waliandika shajara.

Tarehe 2 Februari 1903, University College London. Mbele ya wanafunzi kama 60 analetwa mbwa wa kahawia wa aina ya terrier. Desemba iliyotangulia Ernest Starling alikuwa amempasua tumbo na kufunga mfereji wa kongosho. Siku hii Starling anamfungua tena kutazama matokeo, muda wa dakika 45 hivi, kisha anamkabidhi William Bayliss. Hawa si watu wadogo: mwaka mmoja nyuma, wawili hawa walikuwa wamegundua sekretini, homoni inayoiamuru kongosho itoe maji yake.

Bayliss anafungua shingo, anaitafuta neva ya tezi ya mate, anaiunganisha na umeme. Alitaka kuonyesha kwamba msukumo wa mate hautegemei msukumo wa damu. Anajaribu nusu saa, jaribio linagoma. Anaacha. Mbwa anakabidhiwa mwanafunzi asiye na leseni, Henry Dale, anayemaliza uhai wake. Dale huyu alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Wasweden waliandika kwamba hawakuona bomba la dawa wala kunusa harufu yake, na kwamba mbwa alijitupa kama anayetaka kujinasua. Coleridge, ambaye alikuwa wakili, alipoisoma shajara aliona makosa mawili: mbwa mmoja kutumika mara mbili, na maumivu.

Tarehe 1 Mei 1903 akasimama St James's Hall mbele ya umati akamtaja Bayliss. Bayliss akamshtaki kwa kashfa. Kesi ilianza 11 Novemba mbele ya Jaji Mkuu, Lord Alverstone. Upande wa Bayliss ukaeleza kwamba mbwa alichomwa mofini mapema siku ile, kisha akawekwa kwenye mchanganyiko wa A.C.E., yaani alkoholi sehemu moja, klorofomu mbili, etha tatu, ukipitia bomba lililofichika nyuma ya meza kutoka chumba cha pembeni hadi kwenye koo lake. Starling alikiri mbele ya mahakama kwamba kumtumia mbwa yule mara mbili kulivunja sheria, akasema alifanya hivyo asiue mbwa wawili.

Juri walichukua dakika 25. Coleridge akahukumiwa fidia pauni 2,000 na gharama pauni 3,000. Wasomaji wa gazeti la Daily News walimchangia wakavuka kiasi hicho, pauni 5,700. Kitabu cha Wasweden kilichotokana na shajara ile, The Shambles of Science, kiliondolewa na mchapishaji wake, kikatoka upya baadaye bila ile sura iliyokuwa na kichwa "Furaha", iliyoeleza vicheko vya wanafunzi siku ya mbwa yule.

#9 Mwana wa Pwani

Mkuu, hapo sijaelewa. Starling amekiri kosa mahakamani. Kwa nini hakushtakiwa?

#10 Wakili wa Mtaa

Rudi kwenye kufuli mbili. Jaribio Februari, miezi sita inaisha Agosti, Starling anakiri Novemba. Na hata wangekuwa ndani ya muda, ridhaa ya waziri ilitakiwa. Coleridge alijua haipati, ndiyo maana akachagua kusema hadharani ili ashtakiwe yeye, mashahidi wale kiapo, umma usikie. Ni mbinu ya hatari: kwenye kashfa aliyesema ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kosa la mbwa mara mbili alilithibitisha. La maumivu hakuweza, na hilo ndilo lililokuwa zito. Angelitaja la kwanza peke yake pale St James's Hall, Bayliss asingekuwa na kesi ya kushika.

#11 Mkaguzi wa Mifugo

Kuhusu kujitupa kwa mbwa. Upande wa Bayliss ulisema alikuwa na korea, mtikisiko wa misuli unaobaki baada ya distemper, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Kitaalamu inawezekana. Mtikisiko ule una mdundo, msuli uleule unaruka tena na tena, na waweza kuendelea mnyama akiwa amelala. Kujinasua ni tofauti: mwili mzima, haina mdundo, inaongezeka kisu kinapogusa. Mtu aliyekaa mita chache anaweza kuzitofautisha iwapo anajua la kutafuta na iwapo ameandika msuli gani ulicheza na lini. Shajara iliandika hisia zaidi ya misuli, na hapo mawakili walipata nafasi.

Kuhusu harufu nina mashaka yangu. Etha ina harufu inayojaza chumba. Lakini bomba likiwa limekaa sawasawa kooni, na pumzi ya mnyama inatolewa mbali, harufu mezani hupungua sana. Kutonusa hakutoshi kuwa ushahidi upande wowote.

#12 Mpita Latchmere

Mmefika kwenye kesi, msiiache sanamu ya ukumbusho wa mbwa yule.

Louisa Woodward alichangisha pauni 120. Mchongaji Joseph Whitehead akatengeneza nguzo ya granaiti ya futi 7 na nusu, juu mbwa wa shaba, katikati bomba la maji ya kunywa watu, chini hori la mbwa na farasi. Vyuo na halmashauri nyingine zisingeipokea, Battersea, kusini mwa London, iliipokea. Ulikuwa mtaa wa wafanyakazi, wenye hospitali iliyokataa kuajiri madaktari wapasuaji wa wanyama, watu wakiiita "Old Anti". Masikini wa pale waliogopa jambo la wazi: aliyezoea kumjaribia mbwa wa bure, kesho atamtazama mgonjwa wa bure kwa jicho lilelile.

Ilizinduliwa 15 Septemba 1906 kwenye uwanja wa Latchmere, George Bernard Shaw na Charlotte Despard wakiwa miongoni mwa wasemaji. Maandishi yake yalisema mbwa yule aliuawa katika maabara za University College, baada ya kuvumilia upasuaji kwa zaidi ya miezi miwili na kukabidhiwa kutoka mpasuaji mmoja hadi mwingine, yakawakumbuka na mbwa 232 waliopasuliwa pale mwaka 1902, na kuwauliza wanaume na wanawake wa Uingereza mambo haya yataendelea hadi lini.

Tarehe 20 Novemba 1907 wanafunzi wa udaktari walivuka mto na nyundo na mtaimbo kuivunja. Kumi wakakamatwa, kila mmoja akatozwa pauni 5. Tarehe 10 Desemba mamia wakaandamana hadi Trafalgar Square wakipambana na polisi 400. Ulinzi wa sanamu ukagharimu pauni 700 kwa mwaka. Uchaguzi wa Novemba 1909 ukaiweka Battersea mikononi mwa chama kingine. Watu 20,000 walitia sahihi isiondolewe, na usiku wa kuamkia alfajiri ya 10 Machi 1910 vibarua wanne wakaing'oa, wakilindwa na polisi 120. Ikaja kuyeyushwa.

Polisi mia na ishirini kumtoa mbwa wa shaba gizani. Watu wa mtaa ule walilichukulia kama msiba, na nawaelewa.

Sanamu ya sasa, kazi ya Nicola Hicks, iliwekwa Battersea Park 1985, ikaondolewa 1992, ikarudishwa 1994 sehemu iliyojificha zaidi.

#13 Tabibu Mdogo

Nawaheshimu wote waliochangia, ila uzi unakosa upande mmoja. Seramu ya dondakoo ilianza kuokoa watoto mahospitalini mwaka 1894, nayo ilitoka kwa simbilisi (guinea pig) na farasi. Insulini ilipatikana Toronto 1921 kwa mbwa waliotolewa kongosho. Cobbe na wenzake walisisitiza kwamba majaribio hayajaleta tiba yoyote. Hoja hiyo ilikuwa na uzito 1875. Mwaka 1900 mama aliyeona mtoto wake akipumua tena baada ya seramu asingeisikiliza.

#14 Binti Barawa

Tabibu, umesema kweli na sitaipunguza. Waliifunga hoja ya maadili kwenye hoja ya manufaa, ya pili ilipoanguka ikaivuta ya kwanza. Wangeshikilia tu kwamba maumivu ya kiumbe yana uzito hata pale mwanadamu anapofaidika, seramu isingewajibu. Anna Kingsford alipata shahada ya udaktari Paris mwaka 1880 bila kumpasua mnyama hata mmoja, na hiyo ilikuwa hoja nzuri zaidi kuliko kubishana na takwimu za dondakoo.

#15 Karani wa Kale

Nyongeza juu ya takwimu, kwa sababu seramu ilibadilisha hata namna ya kuzisoma. Kabla ya sheria, Uingereza ilikuwa na majaribio kama 300 kwa mwaka. Mwaka 1903 yalifika 19,084. Wapinzani walichapa tarakimu hizo kubwakubwa kama idadi ya waliopasuliwa. Sehemu kubwa mno ilikuwa ya hati A, sindano za chanjo na za kupima sumu, kwa panya na simbilisi. Wapasuaji wakajibu: ni michomo tu. Nao hawakuwa wakweli, maana mchomo unachukua sekunde, na kinachofuata ni pepopunda au kifua kikuu kwa siku au wiki, na hati A maana yake ni bila dawa ya usingizi. Mwenye kusoma ripoti za kila mwaka za waziri aanze na safu za hati, jumla aiache mwisho, na safu ya A aihesabu kwa ugonjwa uliofuata.

#16 Wakili wa Mtaa

Nimalizie kilichopatikana, maana hawakutoka mikono mitupu. Sheria ya Mbwa ya 1906 ilikataza polisi kuwatoa au kuwauza mbwa koko kwa ajili ya upasuaji. Mwaka huohuo iliundwa Tume ya Kifalme ya pili, ikatoa ripoti 1912, na wakaguzi wakaongezwa kutoka wawili hadi wanne. Sheria ya 1876 yenyewe iliishi miaka 110, ikaondolewa na ile ya 1986.

Kwetu huku mtindo wa leseni ulikuja na Waingereza. Kenya, Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama ina sehemu yake ya majaribio, na inadai leseni. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008. Anayetaka kuzilinganisha na ya 1876 aziweke mezani pamoja, aanze na maswali matatu: nani anatoa ruhusa, nani anaingia kukagua bila hodi, na raia aliyeona kosa anampeleka nani mahakamani kwa idhini ya nani.

#17 Mwana wa Pwani

Nimeshachapa hiyo ya Kenya, Wakili. Naanza na la tatu.